Hatuhami: Historia ya Kukaa Ndani ya Nyumba ya Mawe Inayotengenezwa



Huu ni mwezi wa tatu tangu mafundi waingie kwetu, na kila nikitoka naulizwa swali lile lile: "Sasa mnahamia wapi?" Naulizwa sokoni, naulizwa msibani, juzi nimeulizwa na muuza samaki. Nikijibu kwamba hatuhami, tumo humo humo, hutazamwa kwa huruma kama mtu aliyeishiwa. Basi nimeona niandike. Sitaandika sana habari za nyumba yetu, maana vumbi la mtu halimpendezi mwenziwe. Nataka kuandika habari za nyumba hizi za mawe kwa jumla: zimejengwa vipi, nani alikuwa akizitengeneza, na lini tulianza kuamini kwamba nyumba ikitengenezwa lazima watu watoke. Zamani haikuwa hivyo. Nyumba za Mji Mkongwe zimetengenezwa na watu wamo ndani kwa karibu umri wake wote, na waliokuwamo zaidi ni wanawake.

Tuanze na ukuta, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Ukuta wa kwetu ni mnene, nusu mita na zaidi, lakini si jiwe moja kwa moja. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa mawe madogo, udongo na chokaa. Juu ya kuta mbili zinazotazamana hulazwa boriti, ile miti ya mikoko iliyokuwa ikiletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, mti ule ule uliokuwa ukipelekwa Arabuni na Ghuba kujengea huko. Boriti ina urefu wake, haiongezeki kwa kutamani. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2.5 hadi 3 tu, awe mwenye nyumba ni tajiri wa karafuu au muuza kamba. Wageni hushangaa nyumba kubwa namna ile ina vyumba kama njia. Jibu ni mkoko.

Sasa angalia faida yake. Kila chumba kina kuta zake na boriti zake. Ukitaka kubadilisha dari la chumba kimoja, cha pili hakijui. Fundi anasimamisha mirunda chini ya dari, anatoa boriti iliyooza, anaingiza mpya katika tundu lile lile, anaziba kwa mawe na chokaa, anakwenda ya pili. Familia inabeba magodoro inahamia chumba cha mbele, na kile kikimaliza inarudi. Kuhama ni kuhama kwa hatua kumi. Nyumba ya nguzo za zege na nondo haikubali mchezo huo kwa wepesi, kwani uzito wake wote umefungwa pamoja. Nyumba ya mawe ya pwani ni kama msafara wa vyumba, na kimoja kikiugua vingine vinasubiri.

Mtu aliyekwenda Lamu anaiona hali hii wazi zaidi kuliko Unguja. Nyumba za mawe za kule, nyingi za karne ya 18, hazikujengwa mara moja zikaisha. Ilikuwa desturi katika familia za mawe kwamba binti akiolewa haendi kwa mume; mume ndiye anayekuja. Baba humjengea bintiye nyumba ya jirani au humwongezea ghorofa juu ya nyumba ile ile. Kama hapana nafasi ya kwenda juu, huvuka njia: ndiyo yale mawikio, vyumba vilivyopita juu ya kichochoro kama daraja, vinavyounganisha nyumba ya mama na ya mtoto bila ya mtu kushuka barabarani. Kwa hiyo msichana wa Lamu aliweza kukua akisikia nyundo juu ya kichwa chake, na akijua nyundo ile inamhusu. Chini watu wanakula, wanasali, wanazaa, wanaosha maiti katika nyumba kati. Juu mafundi wanachonga zidaka za plasta zitakazopangwa sahani siku ya harusi. Jiko nalo liko juu kabisa, kidari cha meko, ili moshi uende zake. Nyumba inakua na watu wake.

Unguja hatukuwa na mpango huo kwa namna ile ile, lakini hata majumba ya wafalme yalikuwa yakiongezwa watu wakiwamo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kitabu chake kikachapwa mwaka 1886, ameeleza jumba la Mtoni kuwa ni mkusanyiko wa majengo yaliyoongezwa moja baada ya jingine, na amekisia watu waliokaa humo kuwa kama 1,000. Wake, masuria, watoto, watumishi, watumwa. Mtu wa kulihamisha jumba kama hilo ili lipakwe chokaa hajazaliwa.

Tena kuna jambo ambalo wanaume wakiandika historia ya majengo hulisahau. Mwanamke wa nyumba hizi mara nyingi hakuwa na ruhusa ya kutoka hata angetaka. Bi harusi yuko ndani fungate. Mzazi yuko ndani siku arubaini. Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na hukumu yake ni kukaa katika nyumba aliyofiwa. Katika nyumba ya ukoo yenye ghorofa tatu, kila mwaka lazima atakuwamo mmoja wa hao. Kama matengenezo yangesubiri nyumba iwe tupu, yasingefanyika hata siku moja. Basi yalizungushwa: fundi anapiga hodi chini kwa sauti kubwa, anasubiri, pazia linashushwa, wanawake wanapanda ghorofa ya juu, fundi anaingia ya kati. Nyumba ina ngazi, na ngazi ndiyo iliyokuwa ikigawa watu. Sisi leo tunafanya vivyo hivyo kwa simu: "Fundi, subiri dakika tano."

Ila tusijidanganye kwamba mkono uliofanya kazi hiyo ulikuwa wa hiari. Katika karne ya 19 kazi ya kujenga na kutengeneza mji huu ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya watumwa, na wengi walikuwa wanawake. Wao walibeba mawe na chokaa vichwani kutoka pwani hadi juu ya jukwaa. Chokaa yenyewe ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Matumbawe yalipangwa juu ya lundo kubwa la kuni, likachomwa mpaka jiwe likawa jeupe na jepesi. Kisha likamwagiwa maji, likachemka lenyewe bila moto, likageuka uji mweupe ulioachwa shimoni muda mrefu kabla ya kutumika. Chokaa ambayo haijaiva vizuri humuunguza mtu ngozi na macho. Fikiria kuibeba kichwani, jua la saa saba, miguu mitupu.

Halafu kuna kupiga sakafu. Bibi zetu walilitumia neno hili bila kulifikiria: sakafu hupigwa. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, ikamwagwa chokaa na kokoto kwa unene mkubwa, kisha watu wakapanga mstari na vipande, yaani vile vigogo vyenye mpini wa kupigia, wakaipiga siku baada ya siku mpaka maji yakatoka na ikakaza kama jiwe. Waliopiga walikuwa wanawake, safu kwa safu, na walipiga kwa wimbo, kwa sababu bila wimbo mapigo hayalingani na sakafu inapasuka. Walifanya hivyo juu ya vichwa vya watu wenye nyumba, waliokuwa chini wakiendelea na maisha yao. Nikikanyaga sakafu ya zamani nahisi tofauti yake na ya saruji. Ina ulaini kidogo, haina ubaridi mkali. Majina ya waliozipiga hayakuandikwa mlangoni, ambako liliandikwa jina la mwenye nyumba na aya juu yake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa utumwa wenyewe, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa nyumba za mawe maana yake ilikuwa moja: kazi iliyokuwa ikichukuliwa bure sasa inalipwa. Naona hapa ndipo matatizo ya matengenezo yalipoanza, mapema kuliko tunavyopenda kusema. Nyumba iliyojengwa juu ya hesabu ya mikono isiyolipwa ilianza kuwa mzigo kwa wenyewe mara tu mikono hiyo ilipopata haki yake. Kosa halikuwa katika uhuru. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu tangu awali.

Lililozishika nyumba nyingi zisianguke lilikuwa wakfu. Wanawake wengi wa Unguja wenye mali, mabibi wa kifalme, wake wa matajiri, na hata wanawake walioachwa huru waliopata kijumba chao, waliweka nyumba wakfu. Wengine waliwawekea watoto na wajukuu, wengine msikiti, wengine watumwa wao waliowaacha huru ili wapate pa kukaa maisha. Ni sadaka inayoendelea baada ya mtu kufa, na kila mmoja wetu anajua uzito wake. Lakini kuna hukumu moja ya wakfu ambayo ningependa iandikwe kwa herufi kubwa: pato la wakfu kwanza linaitengeneza wakfu yenyewe, halafu ndiyo wanaostahiki wagawiwe. Kodi ya nyumba, kabla ya kwenda kwa mjukuu au kwa mafuta ya taa ya msikiti, inakwenda kwenye paa. Mafakihi walijua kwamba mtu akipewa hiari atakula kodi na kuacha paa. Kwa hiyo hawakumwachia hiari. Mwaka 1905, chini ya Waingereza, ikaundwa Kamisheni ya Wakfu, na mambo mengi yaliyokuwa ya familia na kadhi yakawa ya ofisi. Nyumba nyingi za wakfu zipo mpaka leo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo inayozisimamia.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji, na maji yameingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni juu. Mapaa ya mwanzo yalikuwa bapa, kwa desturi ya Arabuni ambako mvua ni habari ya kusimuliwa. Masika ya Unguja si habari ya kusimuliwa. Taratibu watu wakaweka mabati juu ya sakafu za zamani, na ndiyo maana ukiutazama mji kutoka juu unaona kutu na si chokaa. Mtu akitaka picha nzuri hulaumu mabati, mimi nayashukuru. Njia ya pili ni ya ndani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, na ilikuwa neema kubwa hasa kwa wanawake na wachukuzi waliokuwa wakiteka visimani. Lakini kuta hizi zilijengwa na watu waliooga kwa kata. Kadiri miaka ilivyokwenda, bomba likapanda ghorofani, kikaja choo cha kuvuta, likaja tangi, ikaja mashine ya kufulia. Bomba likivuja ndani ya ukuta wa mawe na udongo, huoni kitu mwaka mzima. Ndani udongo unalainika na kushuka, ukuta unavimba tumbo, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza kimya kimya. Mwulize fundi yeyote wa mji boriti zipi anabadilisha zaidi. Atakwambia za chini ya choo.

Kisha mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi wenye nyumba wengi waliondoka au walinyang'anywa, na nyumba zikawa za serikali. Zikaingia familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba, watu ambao wengi wao hawakuwahi kufikiriwa kuwa wenyeji wa mtaa wa mawe. Hilo lilikuwa na haki yake, na siandiki hapa kulilaumu. Lakini nyumba ya familia moja ikawa ya familia nne, sita, nane. Ukumbi ukakatwa kwa mbao, kila familia ikataka jiko lake na bafu lake, juu ya boriti zilizokusudiwa kubeba mikeka na masanduku. Kodi ilikuwa ndogo sana, na kodi ndogo haina paa. Mpangaji akasema nyumba ni ya serikali, serikali haina fedha, na ngazi ambayo ni ya wote ikawa si ya mtu. Hata hivyo watu waliendelea kuziba na kupaka wenyewe. Kila inapokaribia Ramadhani, au siku chache kabla ya Idi, utawaona akina mama na watoto wao na ndoo ya chokaa na brashi ya makumbi. Ilikuwa tabaka jembamba tu, lakini lililofuatana mwaka hadi mwaka, na ukuta wa matumbawe hauhitaji zaidi ya hapo ikiwa juu hapavuji.

Kilichokuja kuharibu utaratibu huu, naona, ni mfuko wa saruji. Saruji ilikuwa rahisi kupatikana, inakauka upesi, na inaonekana imara. Fundi anaipiga leo, kesho anakwenda zake. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe unapumua. Unanywa unyevu wa ardhini na wa baharini, na unautoa nje kupitia chokaa. Ukiuvisha lipu ya saruji umeufunga mdomo. Unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, na baada ya masika mawili lipu inabanduka kwa mapande makubwa na jiwe limeshikamana nayo. Ukitaka kujua nyumba iliyovishwa saruji, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole usikilize: unalia kama ngoma. Chokaa nayo ina ugumu wake. Haikauki kwa kupoteza maji peke yake, bali inakaza kwa kuvuta hewa ya ukaa kidogo kidogo, kwa hiyo inataka kunyunyiziwa maji, kupewa siku, kupigwa tabaka jembamba na kuachwa kabla ya jingine. Na hapa ndipo mkazi ana faida kuliko mkandarasi. Mkandarasi ana tarehe ya kukabidhi. Mimi sina pa kwenda. Asubuhi nanyunyiza ukuta kama ninavyonyunyiza mpompia wangu, na jioni tena.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukapitishwa mpango mkuu wa kuuhifadhi mji, uliotayarishwa pamoja na Aga Khan Trust for Culture, na mtaalamu wake mkuu, Francesco Siravo, alikuwa ameshafanya kazi kama hiyo Lamu. Walihesabu majengo zaidi ya 1,700. Mwaka 2000 UNESCO ikauweka mji katika Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata ikauweka wa Lamu. Huku na huku serikali ilishaanza kuuza nyumba kwa watu binafsi, na watalii wakaja. Fedha ambazo hazikuonekana kwa miaka 20 zikaonekana, nyumba zilizokuwa zikidondoka zikasimama, milango ikasuguliwa mafuta. Alhamdulillah kwa hilo. Lakini tangu hapo ndipo lilipozoeleka neno hili: "Hameni kwanza, tutengeneze." Mara ngapi tumesikia familia imehama kwa miezi sita, na nyumba ilipomalizika ikawa na kibao cha Kiingereza mlangoni na vijana wenye sare mapokezi? Dari limenyooka, zidaka zimerudi, na hakuna anayejua nani alizaliwa katika chumba namba 7. Jengo limeokoka, mtaa umekwenda. Msikiti wa jirani una safu moja Alfajiri.

Sisemi hivi kumtia mtu ushujaa wa kijinga. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa pamoja na mnara wake wa saa, huku kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha, Mungu awarehemu. Jumba lilikuwa tupu, halina wakazi, na bado liliua. Basi nyumba yenye watoto ndani haitaki mzaha. Hata katika eda, mafakihi wanapotaja udhuru wa mjane kutoka nyumbani, mojawapo ya mifano yao ni nyumba kuhofiwa kuanguka. Sheria iliyombakisha ndani ndiyo iliyomtoa.

Kwa hiyo jifunze kuitazama nyumba yako. Ufa wa zamani uliojaa utando si wa kuogopa sana. Ufa mpya ndio wa kuogopa. Paka donge dogo la plasta juu ya ufa, liandike tarehe kwa penseli. Donge likikatika, ukuta unatembea. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama juu, dari linalodondosha mchanga usiku wakati hakuna aliyetembea, ukuta uliotoa tumbo: ukiona moja katika hayo, usingoje mwisho wa mwezi. Toka chumba hicho, na kile kilicho juu yake na chini yake, ita mtu anayejua mawe, na kama ukuta unabeba ghorofa zaidi ya moja, tokeni nyote. Kuhama kwa hofu ya kweli si aibu hata kidogo.

Kama ni matengenezo ya kawaida, kaa, lakini kaa kwa mpango. Paa kwanza kabla ya kitu chochote, na pawe na turubai tayari hata kama mbingu ni buluu. Halafu mabomba na vyoo. Halafu boriti. Lipu na rangi mwisho kabisa, ingawa ndizo anazotaka kukuonesha fundi. Chagua chumba kimoja ambacho hakitaguswa mpaka vingine viishe, weka humo miswala, misahafu, nguo za stara na hati zenu zote, na kiwe na mlango unaofunga. Nyumba isiyo na pahali pa kusalia kwa utulivu huwachosha watu kabla ya vumbi kuwachosha. Chokaa mbichi iwe mbali na watoto, na aliyeingia machoni aoshwe kwa maji mengi hapo hapo, kisha apelekwe hospitali. Jirani aambiwe kabla, si baada, kwa sababu ukuta wako ni ukuta wake. Hilo ni katika haki zake, na tena yeye ndiye atakayekuuzia maji bomba likifungwa.

Na kwa mnaokaa nyumba za kukodi, za serikali au za wakfu, mkiambiwa mhame ili itengenezwe, msihame kwa maneno. Takeni karatasi. Iandikwe chumba gani mlichokuwamo, ghorofa gani, mnatoka lini, kazi inaisha lini, mnarudi kwa kodi gani, na nani anatia saini upande wa pili. Pigeni picha za chumba kabla hamjatoa kitanda. Na karatasi hiyo iwe na jina la mke pia, si la mume peke yake. Mume akifariki kabla kazi haijaisha, mjane aliye eda kwa watu hawezi kwenda ofisini kila siku kueleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipaka chokaa ukuta ule kwa miaka 30.